Nywila ya Mama Masjala

Mtaalamu mpya wa usalama wa kompyuta aliiona siku yake ya pili kazini: karatasi ya njano imebandikwa pembeni mwa skrini ya karani wa masjala, nywila imeandikwa kwa kalamu nyekundu, peupe kabisa. Damu ilimchemka. Kwani kwenye semina ya jana ya kulinda nywila alikuwa akihubiria viti? Akasubiri karani huyo, ambaye ofisi nzima humwita Mama Masjala, aende kuchukua chai, kisha akakalia kiti chake. Leo angemwonyesha jinsi mwizi anavyoingia bila hata kubisha hodi.

Akaandika ile nywila. Ikakataa. Akaandika tena polepole, herufi moja moja. Ikakataa. Mara ya tatu kompyuta ikajifunga na kuanza kulia kama mtoto aliyenyang'anywa pipi, hata watu wa chumba cha pili wakachungulia.

Mama Masjala alirudi na kikombe chake, hana haraka na mtu.

"Pole, mwanangu. Hiyo ni ya wezi, yangu iko kichwani. Hiyo nabandika mpya kila Jumatatu, na kengele nimeitega mwenyewe, ili anayegusa mashine yangu nimsikie."

Mtaalamu akajikohoza. "Umeshanasa wangapi?"

"Mwaka huu wewe ni wa pili," alisema, akipuliza chai. "Wa kwanza alikuwa bosi. Alipoinuka kwenye hicho kiti ndipo akasema tuajiri mtaalamu."