Shokapu za Buti la Rodgers

Siku ya kumzika mume wangu, mfuniko wa buti la gari lake ulimwangukia shemeji yangu kichwani mbele ya padri, na mimi mjane nikacheka. Nalisema mapema ili niendelee na mengine bila kulizunguka.

Gari lenyewe ni Pijo 404 ya mwaka 1967. Mume wangu Rodgers, aliyekuwa afisa forodha hapa bandarini Kigoma, alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ubelgiji. Mfuniko wa buti ulibebwa na spring mbili. Moja ilikatika, ya pili ikachoka, na Rodgers badala ya kutafuta fundi akaleta kafi la mtumbwi mmoja uliokamatwa na magendo, akawa anaegemeza nalo. Kila mgeni alipewa utaratibu: inua, egemeza, ingiza mkono, usikohoe.

Alifariki Januari 1998, kwa presha, akiwa mezani kwake ofisini. Kwetu Rombo mtu huzikwa kihambani kwake, kwenye migomba ya ukoo, lakini mvua za mwaka ule zilikuwa zimeikata reli, barabara ndiyo usiseme, na maiti haisubiri. Ukoo ukakubali kwa shingo upande azikwe Kigoma. Kaka yake mkubwa, Polycarp, mpima ardhi wa Tabora, ndiye pekee aliyefika, siku mbili juu ya lori la saruji. Alishuka na matope hadi magotini, akaushika msiba peke yake: kaburi, jeneza, padri, chakula. Hakulia. Anayeshika msiba halii, ana kazi.

Alipokwenda kutoa majembe kwenye buti, hakuna aliyekumbuka kumweleza utaratibu. Mfuniko ukashuka. Damu ikamtiririka hadi kwenye kola. Jirani yangu Bi Semeni, aliyekuwa akiomboleza kwa sauti kuliko wote, ndiye aliyeanza kucheka, wakafuata wengine, nikafuata mimi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Polycarp alijifunga leso kichwani, akamzika mdogo wake, akaondoka kesho yake bila kuniaga.

Mwaka ulipotimia akaandika barua. Katika ukoo wetu, mwaka ukiisha, mkubwa wa marehemu huja kuamua vitu vyake viende kwa nani. Angefika kwa treni ya Jumamosi. Kuhusu gari aliandika sentensi mbili tu. "Gari linalopiga watu haliwezi kukaa na mwanamke peke yake. Nikikuta bado linaegemezwa kwa kafi, nitalipakia kwenye behewa lirudi Rombo."

Niliisoma barua ile nimesimama, nikaikunja mara nne. Nilikuwa nalitaka lile gari. Ningeweza kusema ni kwa ajili ya kazi, maana mimi ni nesi wa kliniki ya watoto na kila Alhamisi huliendesha mpaka Ilagala na boksi la chanjo. Lakini ukweli ni kwamba kiti cha dereva kilikuwa bado kimebonyea vile alivyokibonyeza Rodgers, na mimi nilikuwa nakaa humo humo. Rombo kingekaliwa na kuku wa shangazi.

Fundi wa Pijo Kigoma nzima alikuwa mmoja, Havyarimana, mkimbizi aliyekuwa na gereji yake Bujumbura kabla ya vita na sasa alikuwa na kibanda cha turubai kambini, upande wa Kasulu. Jumatano ile alikuwa mjini kwa kibali kinachoisha Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Kibali chenyewe alikionyesha kabla hajaulizwa, kwa kila mtu, hata kwa Bi Semeni aliyekuwa anachambua dagaa. Alilizunguka gari mara mbili. Kisha akalishika kafi.

"Mama Muganga, hii ni nini?"

"Spring."

"Ego," akakubali, kwa heshima zote.

Akanieleza kwamba spring za 404 asingezipata hata angekuwa na kibali cha mwaka mzima. Lakini sokoni Mwanga kulikuwa na jamaa anayeuza vyuma vya magari ya misaada yaliyopinduka njia ya Kibondo, na miaka ile yalipinduka mengi. Alikuwa na shokapu za gesi, zile nyembamba zinazonyanyua mlango wa nyuma, mtu anagusa tu unapanda wenyewe. Jozi zilikuwa mbili, moja ya gari kubwa na moja ya kigari kidogo.

"Nikifunga kubwa na mfuniko ni mwepesi," Havyarimana alisema, "utaruka, utang'oa bawaba, utampiga mtu kidevu. Nikifunga ndogo na mfuniko ni mzito, hazibebi. Lazima nijue kilo. Bujumbura nilikuwa na kitabu."

"Hapa unaye mimi," nikamwambia.

Nikaleta mzani wa kliniki, ule wa saa unaoning'inizwa, wenye kaptula ya kitambaa ambayo mtoto huingizwa miguu. Tukaufunga kwenye boriti ya baraza. Havyarimana alizitoa spring za zamani kwa kamba, amesimama pembeni, akaniomba mimi nisimame mbali zaidi. Akafungua bawaba, akaushusha mfuniko, akaubeba kuja nao barazani kama ulivyo: kitasa, taa, sahani ya namba, na ule ubao mzito wa mninga ambao Rodgers aliukaza kwa ndani apangie spana zake.

"Vua kwanza," nikasema.

"Nivue nini?"

"Vyote. Hakipimwi kitu na nguo. Miaka kumi na tisa napima, sijapima mtoto na nguo hata siku moja."

"Lakini Mama, huyu atatembea na nguo."

"Hata watoto wanatembea na nguo. Vua."

Hasira zangu ziko karibu. Watu wa mtaani wamenizoea, yeye alikuwa mgeni. Akavua. Tukaingiza kona moja kwenye kila mguu wa kaptula, tukauachia taratibu, mshale ukatetemeka ukasimama kwenye kilo kumi na moja na gramu mia mbili. Nikaandika kwenye kadi ya kliniki, kwa mazoea tu. Jina, Buti. Umri, miaka thelathini na mbili. Kwa umri ule, uzito ulikuwa wa kutisha.

"Kama Ella wangu," Havyarimana akasema. "Ana miaka miwili. Huko kambini wanampima na nguo, kwa sababu akivuliwa analia."

"Wanakosea," nikamjibu.

Kwa kilo kumi na moja, jozi ndogo ilitosha na ikabaki. Akaenda kuileta. Alhamisi hiyo chanjo ya Ilagala ilisogezwa, naye alikata vijiti viwili vyenye urefu sawa na shokapu, akavishika hapa, akavishika pale, akafunga mfuniko na kuufungua mara hamsini kabla hajaweka alama ya chaki na kutoboa. Sijui wanafanyaje wengine. Yeye alifanya hivyo, na sikumharakisha, jambo ambalo Bi Semeni alilitangaza mtaa mzima. Ijumaa mchana akaniita. Mfuniko ulikuwa mahali pake, bado uchi. Nikauinua kwa kidole kimoja. Ukatoa pumzi, ukapanda wenyewe, ukasimama. Nilikunywa chai nikiuangalia, na uliposimama mpaka chai ikaisha, nikalichukua kafi nikalitupa nyuma ya nyumba. Nilifurahi, sitaki kudanganya.

Jumamosi asubuhi Havyarimana alirudi kuuvisha. Kitasa alikuwa amekitia grisi, sahani ya namba ameipaka rangi upya. Akakaza taa, akakaza ubao wa mninga, akafunga, akafungua. Mfuniko ukapanda, ukasimama, sote wawili tukakunja mikono kifuani. Kisha, kama mtu anayesinzia kanisani, ukaanza kuinama. Ulishuka bila haraka na bila kelele mpaka ukafika chini.

Akafungua tena. Safari hii nilihesabu. Ishirini. Ilipofika ishirini, ukaanza safari yake.

"Ni nguo," Havyarimana akasema.

Angeongeza neno, ningemfukuza, na kosa lingekuwa bado langu.

"Toa ubao," nikamwambia. Hata kabla hajashika bisibisi nikamzuia. Ubao ule Polycarp mwenyewe ndiye aliyeuranda, akaupiga msasa, akamtumia mdogo wake kwa treni siku ya kuzaliwa kwake. Ndicho kitu cha kwanza atakachokitafuta. Jozi kubwa ilikuwa Mwanga, kuifunga kungetaka matundu mapya, na treni ilikuwa imekwisha kupiga honi. Ningelirudisha kafi, gari lingekwenda Rombo. Nilikuwa na sekunde ishirini za kulitetea.

Polycarp alifika amevaa koti, amebeba faili. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu lenye urefu wa kidole gumba.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Tuanze na gari."

Chai aliiacha mezani. Tulisimama nyuma ya Pijo sisi watatu, na Bi Semeni kwenye ngazi yake, na dagaa zake. Polycarp alimtazama Havyarimana, Havyarimana akamwonyesha kibali. Kisha shemeji yangu akabonyeza kitasa na papo hapo akaruka nyuma hatua moja, mkono kichwani.

Mfuniko ukapumua ukapanda. Moja, nikahesabu moyoni. Mbili.

"Nani kafunga hizi?"

"Huyu fundi."

"Ni nini?"

"Shokapu za gesi." Sita. Saba.

Akasogea. Akaugusa ubao wa mninga kwa vidole, akaupapasa ukingo wote. Kumi na moja. Nilitamani aseme sawa afunge tukanywe chai. Kumi na tatu. Badala yake akainama, akaingiza kichwa na mabega yote ndani ya buti, na nikajua anachokitazama. Kwenye kona kulikuwa na makubazi ya Rodgers, yale ya tairi aliyokuwa anavaa Jumapili akiosha gari. Sijawahi kuyatoa. Nilikuwa naweka boksi la chanjo pembeni yake kila Alhamisi.

"Bado anavaa namba saba," Polycarp alisema kutoka humo ndani. Alisema hivyo hivyo, anavaa. "Shuleni tulikuwa na jozi moja. Mimi asubuhi, yeye mchana."

Kumi na nane. Ilinipasa nimwambie atoke, nikabaki nahesabu. Kumi na tisa. Ishirini.

Mfuniko ukaanza kuinama. Ulishuka taratibu ukamfikia mgongoni, ukatulia hapo, bila kumuumiza. Nikasubiri aruke, atukane, aandike kwenye faili. Hakusogea. Alibaki ameinama vile vile, na baada ya muda koti lake likaanza kutikisika, kisha tukamsikia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume, kilio cha tangu Januari ya mwaka jana, chote, ndani ya buti la Pijo.

Nilikimbia nyuma ya nyumba nikarudi na kafi nimnyanyulie. Havyarimana akanishika mkono. Alikuwa hajawahi kunigusa.

"Mureke," akasema. "Mwache, Mama. Hapo hakuna anayemwona."

Tukamwacha. Nikamtazama Bi Semeni, nikiwa tayari na kafi langu kama angethubutu. Alikuwa ameweka ungo chini, amejifunika uso kwa khanga. Mimi nililia nimesimama, wazi, sina pa kujificha. Nilimlilia Rodgers, na nikalia kwa aibu ya kile kicheko.

Polycarp alipotoka, aliunyanyua mfuniko kwa mgongo, akajifuta uso kwa leso, akaufunga kwa mikono miwili. Makubazi aliyaacha.

"Shokapu zako hazina nguvu," akaniambia.

"Najua, shemeji. Nilipima vibaya." Kisha nikasema lile lingine, kwa sababu nisingelisema pale nisingelisema kamwe. "Na siku ile nilicheka. Nisamehe."

Alifikiri kidogo. "Rodgers angecheka kuliko wote," akasema, na akaingia kunywa chai iliyopoa.

Havyarimana aliondoka saa tisa ili kibali kisimfie njiani. Hakutaka kingine zaidi ya ile spring ambayo haikukatika. Alisema itamfaa chini ya kiti cha baiskeli, Ella asirushwe. Akaniahidi kwamba akipata kibali kingine atakuja na jozi kubwa. Polycarp alikuwa anasikiliza kutoka barazani.

"Ziache hizo hizo," akamwambia.

Jioni alifungua faili, akaandika vitu vya marehemu kimoja kimoja: redio kwa mjomba, koti la mvua kwa binamu, saa kwake mwenyewe. Kwenye gari aliandika kwamba libaki Kigoma kwa Evaline, yaani mimi, akatia sahihi, akapiga muhuri wake wa upimaji ardhi, ambao nadhani haukuhusika.

Kesho yake, saa moja kabla ya treni, begi likiwa limeshafungwa, alinijia jikoni akasimama mlangoni. Alisema anaomba alikague buti mara moja tena kabla hajaondoka. Nikampa ufunguo, nikafunga dirisha la upande ule, nikawasha jiko kuchemsha chai, na safari hii sikuhesabu.