Kamera Inapanda Usoni

Kichupa cha unga wa mionzi kilipasuka maabarani, na shemeji wa mpimaji wa mionzi, mume wa dada yake, akabaki ndani peke yake. Mionzi ile haipenyi hata karatasi, lakini ukiuvuta unga wake kwa pumzi, umekwisha. Mpimaji akasimama na kamera nje ya dirisha. Hewa iliyoguswa na mionzi hiyo hutoa mwanga hafifu usioonekana kwa macho, ila kamera huuona kutoka mbali, tena gizani tu.

“Zima taa, shemeji. Usijiguse uso.”

“Pua inaniwasha.”

“Iache iwashe! Dada atanila nyama.”

Giza likatanda. Kwenye skrini meza ikajaa madoa meupe, kisha glavu ya kulia ikang’aa. Mpimaji akapandisha kamera taratibu, kifuani, shingoni, roho mkononi. Alitamani kuahirisha kufika mdomoni.

“Mbona kimya?” shemeji akauliza.

Kamera ikafika usoni: hakukuwa na doa hata moja.

“Uso wako mweusi tii!”

“Leo ndiyo umejua?”

Mpimaji akacheka huku machozi yakimtoka, kisha akamwelekeza avue ile glavu polepole, akiigeuza ndani kuwa nje.