Vidole vya Saruji

Kabla hata hajanywa chai, mikono ya Saruji ilikuwa imeshagawanywa: wa kulia kwa shangazi yake, wa kushoto kwa Redio, jirani wa chumba cha pili, ambaye habari ikiingia kwake hailali. Shangazi alisugua ncha za vidole kwa mafuta ya mgando. Redio alikamulia ndimu.

"Taratibu, inawasha!"

"Ikiwasha ujue inafanya kazi," alisema Redio. "Au unataka kupanda ndege kwa raha?"

Mlangoni walijaa wapangaji na vikombe vyao, kila mmoja na dawa yake. Huyu alisema ashike barafu, yule alisema angelala na soksi mikononi. Na wote walikuwa wameshaagiza vitu. Mmoja aliagiza seti nzima ya sufuria.

"Jamani, naenda wiki tatu tu, tena kusoma."

"Kwani ukisoma sufuria hazibebeki?"

Walicheka. Saruji naye alicheka, ila macho yalikuwa kwenye vidole. Chuo cha ufundi kilimchagua yeye peke yake katika darasa zima kwenda nje kujifunza kuweka vigae, kwa kuwa vyake vilikaa sawa kama maji kwenye beseni. Ndege ilikuwa Ijumaa. Jana mashine ya ofisi ya pasipoti ilishindwa kusoma alama za vidole vyake; kazi ya saruji, iliyompa hata jina, ilikuwa imezilamba zote. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokelewa maombi.

Kwenye dirisha la ofisi ya pasipoti, afisa alifuta kioo cha mashine kwa mkono wa shati.

"Bonyeza."

Taa nyekundu.

"Kaza kidogo. Hicho kingine. Haya, rudia." Nyekundu. "Dada, unafanya kazi gani wewe?"

"Naweka vigae. Ndiyo naenda kusomea."

"Pumzisha mikono wiki mbili, usiguse saruji. Alama zitarudi zenyewe."

"Nasafiri Ijumaa, kaka. Na hizo wiki mbili nitakula nini?"

"Hapo sasa mimi sipo."

Saruji alisogea karibu na dirisha. "Mbona wasio na mikono kabisa wanasafiri?"

"Wale wana kibali cha kutokuwa na mikono. Wewe mikono unayo."

"Kibali anatoa nani?"

"Mkubwa."

"Naomba nimwone."

"Yuko nje ya nchi. Semina. Anarudi Jumatatu."

Foleni ilianza kunung'unika. Mzee mmoja alisonya.

"Basi nipe hata karatasi kwamba nilikuja, mashine ikakataa. Nikaonyeshe chuo, labda wataniwekea nafasi mpaka safari ijayo. Nikienda mikono mitupu watampa mwingine, watasema nilizembea."

"Hilo sawa, halina shida." Afisa alionekana amefurahi kupata la kumsaidia. Aliandika kwenye kompyuta, akaisukuma tena ile mashine mbele ya Saruji. "Thibitisha tu kwamba ni wewe. Dole gumba."

Walitazamana.

"Bonyeza tu, dada. Ndiyo utaratibu."

Alibonyeza. Nyekundu. Alilifuta kwenye gauni, akalipulizia pumzi, akabonyeza tena. Afisa alitazama kioo cha kompyuta, akakuna shingo.

"Imefuta yote. Inasema hakuna mtu aliyefika."

"Si mimi huyu hapa?"

"Mimi nakuona," alisema kwa sauti ya chini. "Mfumo ndio haukuoni." Kisha akainua shingo. "Anayefuata!"

Kijana wa nyuma yake alinyoosha mkono juu ya bega la Saruji, akagusa kioo mara moja. Kijani.

Mlinzi alikuja. "Dada, unaziba watu."

"Nani?" alisema Saruji. "Mimi sijafika."

Mlinzi alimtazama afisa. Afisa aliinamia karatasi zake. Saruji hakusogea, na foleni ikajipinda, ikampita pembeni.