Mtoto wa Kuazima

Mwalimu Eliakimu alistaafu kufundisha hesabu, lakini hesabu zenyewe hazikukubali kustaafu. Chumvi ya mboga alitaka ipimwe kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu. Kuku wake walifunguliwa na kufungiwa kwa saa. Na mwaka huu, kiangazi kilipoanza kuuma hapa Newala, alitia kufuli kisima cha uani na kuuning'iniza ufunguo shingoni, pale ambapo wenzake wa kanisani huvaa msalaba.

Mkewe, Yuster, ambaye mtaa mzima humwita Mama Queen, hakuweza kumlaumu. Kisima hicho hupokea maji ya mvua kutoka kwenye bati la nyumba, na hayo ndiyo yanayowavusha mpaka mvua nyingine. Mwaka jana mgawaji alikuwa yeye. Kila aliyekuja na ndoo aliondoka nayo imejaa, pamoja na muhogo wa kutafuna njiani, hata kisima kikabaki na tope na vyura. Mwalimu hakumgombeza. Alimtazama tu, na mama wa watu akatamani bora angegombezwa.

Mwaka huu maji yalikuwa lazima yatoshe. Binti yao Queen, muuguzi kule Ndanda, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, msichana, na baada ya arobaini angekuja kukaa kwa mama yake mpaka likizo ya uzazi iishe. Mama mkwe wake alikuwa ameshamshauri abaki hukohuko kwenye bomba linalotoka. Huko Newala anafuata nini, kumwogesha mtoto kwa kikombe? Mama Queen aliapa kwenye simu kwamba maji yapo. Alishamwona mjukuu akilini, ndani ya beseni la bluu, uani kwake, akipiga maji mateke. Bila maji, mjukuu angerudi Ndanda, na beseni lingebaki la kufulia.

Jumapili moja padri alihubiri kwamba mtu atoe bila kuulizauliza. Njiani kurudi nyumbani Mwalimu alikuwa amenuna.

"Kutoa ni kazi ya kichwa, Mama Queen," alisema. "Moyo humpa anayelia kwa sauti. Kichwa humpa mwenye shida."

Mama Queen akamjibu kwamba kichwa kikimaliza kuuliza maswali yake, mwenye shida atakuwa ameshazikwa. Kisha wakazungumzia bei ya korosho, kwa sababu hawakuwa watu wa kugombana barabarani.

Basi Mwalimu akatangaza utaratibu. Maji wangepewa wazee, wagonjwa na mwenye mtoto anayenyonya. Wengine wote, wenye miguu na nguvu zao, washuke bondeni kwenye chemchemi kama babu zao, wapande nayo mlima.

Wa kwanza kugonga mwamba alikuwa Sadallah, kijana wa bodaboda wa nyumba ya jirani, ambaye Mwalimu alimfundisha tangu darasa la tatu. Alikuja na dumu lake, akaamkia kwa adabu. Mwalimu akamuuliza fedha za korosho za msimu uliopita zilikwenda wapi. Mtaa mzima ulijua: zilikwenda kwenye spika kubwa kama kabati, badala ya saruji ya kujengea kisima. Kijana huna mke, huna mtoto, una pikipiki, shuka bondeni. Sadallah akasema, "Sawa, Mwalimu," akawasha pikipiki na kuondoka. Mama Queen alisikia yote akiwa jikoni na akaona aibu, na tangu siku hiyo, akimwona Sadallah kwa mbali, alikuwa anakumbuka kitu alichosahau ndani.

Asubuhi iliyofuata watoto wachanga waliongezeka mtaani.

Alianza Julia, na mwanawe Zabroni mgongoni, mtoto wa miezi minane, mnene, mashavu yamejaa. Huyo alikuwa halali. Punde akaja Adija, ambaye mwanawe wa mwisho anasoma sekondari, naye ana mtoto kwenye mbeleko, kafunikwa kofia ya sufu jua linawaka. Kabla jua halijafika utosini akaja Pili, na mtoto mwingine mnene, mwenye mashavu, safari hii kavaa gauni. Wote wakateka maji. Mwalimu alisimama pale na miwani yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamwambia mkewe kwamba mtaa huu unazaliana sana.

Mama Queen alikimbilia jikoni, akajiziba mdomo kwa kanga, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Mtu aliyesomesha nusu ya wilaya ameshindwa kumtambua Zabroni ndani ya gauni. Siri akaitunza. Wale walikuwa shoga zake, na maji yalikuwa bado mengi.

Lakini Zabroni aliendelea kuja, siku baada ya siku, kwa migongo tofauti. Mwalimu alikuwa na ufito wa mwanzi wa kupimia kisima, na Mama Queen, ambaye hakuwahi kuujali, akaanza kuuchungulia. Alama ya maji ilikuwa inashuka. Usingizi ukaanza kumpaa. Alijiona akisimama mlangoni akiwahesabia watu ndoo, yeye aliyekuwa akigawa na muhogo juu, na hakuipenda sura yake hiyo hata kidogo. Queen akapiga simu kusema anakuja wiki ijayo. Jioni ile Mama Queen akapiga moyo konde.

"Baba Queen, yule mtoto ni mmoja."

Mwalimu alikuwa anafuta miwani. Aliendelea kuifuta.

"Najua," alisema. "Kila akifika ananivuta miwani, tena anacheka kabla sijamkaribia. Mtoto mgeni hawezi kuwa na mazoea hayo."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ile kofia ya sufu."

Mama Queen alikaa chini kwenye kinu kilicholazwa. Akamuuliza, sasa utaratibu wote ule ulikuwa wa nini, na Sadallah wa watu alinyimwa kwa nini.

"Wanawake wale walinipa sababu ya kuwapa," Mwalimu alisema polepole. "Mimi bila sababu siwezi, mke wangu. Mkono haunyooki. Sadallah hakuniletea sababu yoyote, na mimi sikumtafutia. Hilo linanikera."

Akauvua ufunguo akamkabidhi. Mama Queen alimpenda mumewe usiku ule kuliko siku ya harusi, akamkasirikia vilevile, kwa sababu kisima kilikuwa kinakauka. Kesho yake aliamua kumkatalia kila mtu. Akaja Adija, safari hii hana mtoto wala kofia, ndoo tu na macho yake makavu. Mama Queen akafungua kufuli.

Queen alifika na mtoto aliyepewa jina la bibi yake, Yuster. Kwa siku chache beseni la bluu lilifanya kazi yake, na Yuster mdogo alipiga maji mateke kama ilivyopangwa. Kisha ufito ukatoka kisimani na tope. Mvua haikuwa na dalili. Queen hakulalamika, alianza tu kukunja nepi na kuziweka kwenye begi, akasema kwa upole kwamba labda kesho apande gari la Ndanda, mama asijisumbue.

Mama Queen aliingia chumbani akalia. Alipotoka, Mwalimu alikuwa mlangoni, amevaa shati la kwendea kanisani, amempakata mjukuu kwa mikono yote miwili.

"Chukua ndoo," alisema.

Wakaenda kwa Sadallah. Kijana alikuwa amepanda na kushuka bondeni siku zote zile na pikipiki yake, na nyuma ya nyumba alikuwa na mapipa yaliyojaa, maji ya kuchanganyia saruji. Kisima chake kilikuwa kimeshachimbwa. Spika haikuwepo, alikuwa ameiuza. Mama Queen alitamani ardhi immeze.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walijibu. Mwalimu akakohoa. Ilionekana alikuwa ameandaa maelezo, na maelezo yamemkimbia. Akamsogeza tu mtoto mbele, kama mtu anayeonyesha tiketi.

Sadallah akainama, akafunua kanga usoni kwa mtoto, akamchunguza kwa makini.

"Na huyu," akauliza, "mmemwazima kwa nani?"

Mama Queen akaangua kicheko, machozi hayajamkauka. Mwalimu akamrudishia mtoto kanga usoni. Alipopata jibu, Sadallah alikuwa ameshaijaza ndoo, na anamtwisha mama.