Mkono Uliozoea Kuachia

Sisi wazamiaji wa kisiwa cha Frøya, huku kaskazini kwenye baridi, tuna ujinga wetu, na mimi ulikuwa umenijaa mpaka kwenye kucha. Tukishajaza kombe, chaza wale bapa, kwenye mfuko wa wavu, hatufungi puto la kuunyanyulia. Puto la nini, linachelewesha! Tunapuliza hewa ndani ya suti yenyewe, ile nene isiyoingiza maji, inatuna, tunapaa na mzigo mkononi. Baba yangu, Eilif, ndiye aliyenifundisha, pamoja na amri moja: "Torgunn, ukipata shida yoyote huko chini, tupa mfuko kwanza!"

Januari ile nilikuta kombe wametandazwa mchangani kama sahani. Nilichota huku nacheka peke yangu. Mfuko ukawa mzito, hauinuki. Nikabonyeza kitufe cha hewa kifuani, nikakibana, nikazidi kukibana, nikasahau kabisa kwamba hewa ikipita mfululizo kwenye baridi ile inagandisha vali yake ikabaki wazi. Nikaachia kidole. Hewa ikaendelea kuingia!

Mama yangu! Suti ikavimba, mikono ikakakamaa, miguu ikaanza kuinuka. Tundu la kutolea hewa begani lilikuwa wazi, lakini limezidiwa. Nikavuta mpira unaoleta hewa kwenye suti uchomoke; vidole vimekufa ganzi, haukuchomoka. Kichwani Baba anapiga kelele: tupa mfuko! Na kweli vidole vilishaanza kufunguka. Hapo nikashtuka. Ni nini kinachonizuia nisifyatuke mpaka juu, mapafu yakapasuka? Si huo huo mfuko?

Nikaubana katikati ya magoti kwa nguvu zote. Nikaingiza vidole shingoni, nikaivuta ile kola ya mpira. Hewa ikatoka kwa kishindo, maji yakaingia. Ya barafu! Yalishuka kifuani mpaka tumboni nami nikatukana, matusi ambayo Baba hajui kama nayajua. Sasa suti imelegea, nikavuta mpira kwa mikono miwili, ukachomoka. Ndipo nikauachia mfuko, nikajaza hewa kidogo kidogo kwenye fulana ya kuelea niliyovaa juu ya suti, nikapanda taratibu, meno yakigongana.

Baba alinivuta ndani ya boti, akanivua, akanifunga mablanketi.

"Mfuko?"

"Nimeutupa."

"Safi! Si nilikufundisha?"

"Nimeutupa mwisho, Baba! Ningeutupa kwanza, saa hizi ungekuwa unaokota maiti!" Nikamweleza yote, natetemeka na kufoka kwa pamoja.

"We mtoto, mimi nilianza kuzamia kabla hujazaliwa."

"Na kesho ni zamu yako. Utaanzia gatini, mbele ya macho yangu. Usipotaka, boti haitoki, nitakaa na ufunguo."

Alinuna usiku kucha. Lakini asubuhi alivaa suti, akashuka kando ya gati, kina kinachozidi kimo chake kidogo tu, ameshika mfuko wenye mawe. Kazi yake ilikuwa moja: avimbishe suti, asiuachie mfuko, afungue shingo.

Maji yalikuwa maangavu, namwona vizuri. Akabonyeza kitufe. Suti ikatuna. "Shika, Baba, shika!" nikapiga kelele ingawa hasikii. Ngumi ikafunguka. Akaibuka puu, kama kizibo, mikono imetanuka, mfuko umebaki chini.

Nilikuwa nimeandaa kejeli tele. Badala yake nikapiga magoti ukingoni mwa gati. Baba alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine.

"Umeachia wenyewe," akasema. "Torgunn, sikuuambia uachie."

"Leo huzamii kombe."

"Sizamii," akakubali, Baba yangu mimi, mbishi wa kisiwa kizima. Kisha akatoa hewa kwenye suti, akauma tena mpira wa kupumulia, akashuka kuyafuata mawe, ajaribu tena.