Ludomir Nje ya Dirisha

Kila Jumatano jioni, semina ya hisabati ilipoanza pale chuo kikuu cha Kraków, Poland, Ludomir Pasieka alishuka kwa kamba na kuning'inia nje ya dirisha la ghorofa ya tatu. Juu hakukuwa na kitu kilichoishika kamba hiyo. Ncha yake ilikuwa imekatwa kwa kisu. Alikuwa amekufa mwezi Agosti milimani Tatra, na barafu ya viatu vyake bado ilidondokea baiskeli za wanafunzi kule chini. Wakazihamisha.

Aliyeikata kamba alikuwa mwenzake wa kupanda, Kazimierz Gąsior. Walipokwama mwambani, Ludomir alimsimulia uthibitisho wake mpya wa kihisabati ili wasisinzie. Kufikia Oktoba uliitwa uthibitisho wa Gąsior, na Gąsior akawa profesa.

"Mstari wa nne umeuharibu, Kazik," Ludomir alisema. "Hukunisikiliza hadi mwisho. Ulikuwa na haraka na kisu chako."

"Kuitana Kazik ni huko juu, kwenye kamba," Gąsior akajibu bila kugeuka kutoka ubaoni. "Huku bondeni mimi ni Bwana Profesa. Na mwenye pingamizi huja ubaoni akashika chaki. Sheria ya semina unaijua."

Wanafunzi wakacheka. Kamba ilimfikisha dirishani tu.

Mke wa Ludomir, Halszka, akaja. "Si muusogeze ubao? Au mnamwogopa maiti?"

"Umekazwa kwa skrubu, Bi Halszka," Gąsior akajibu.

"Basi nipeni kipande cha kamba kilichobaki, nimwongezee afike ubaoni."

Kilikuwa ofisini kwa Gąsior, ndani ya fremu. "Hiyo ni kumbukumbu ya rafiki yangu," alisema, na machozi yakamlengalenga.

Halszka akampa mumewe kipande cha sabuni. Ludomir akauandika uthibitisho wote kwenye kioo cha dirisha, kinyumenyume, ili walio ndani wausome sawasawa. Waliusoma. Mkuu wa kitivo alilia kwa uzuri wa uthibitisho huo. Gąsior alinakili mstari wa nne. Kisha wakapiga kura: kioo si ubao.

Ikafika Juma Kuu, ambapo Kraków nzima huosha madirisha. Bi Stefania, msafishaji, akafungua dirisha na kumpa Ludomir kitambaa chenye maji.

"Upande wa nje nisaidie wewe, mwanangu. Mimi nina kizunguzungu, na wewe huna tena pa kuanguka."

"Usiguse!" Halszka alipiga kelele kutoka uani.

Lakini Ludomir alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na Pasaka ni Pasaka. Alianzia pembe ya juu, penye mstari wa kwanza. Kioo kilipong'aa, Bi Stefania akamwonyesha kwa kidole madirisha ya idara ya kemia, ambayo yalikuwa bado hayajaoshwa.