Meza ya Mama na Wifi Yake

Kaka yake alipotangaza ndoa, kazi ya kuwapanga wageni mezani ilimwangukia yeye, kwa kuwa ndiye mwandishi pekee wa programu za kompyuta katika ukoo. Na ukoo wenyewe aliujua: huyu hasemi na yule, yule kamnunia huyu, na kila mmoja alishapiga simu kueleza nani asikae karibu naye.

Akaona isiwe tabu. Akawasha mawakala wanne wa akili bandia, watafute kwa pamoja mpangilio usio na ugomvi. Manahodha wengi, chombo kikaenda mrama. Wote waliandika katika faili moja: huyu akimweka mjomba mlangoni kwa ajili ya kikohozi chake, mwenzake anamrudisha kwenye spika.

Ndipo akawapa nyenzo ya kazini kwake, hifadhi inayotunza kila toleo la kazi. Kila wakala akapata tawi lake, yaani nakala yake ya pembeni, ajaribu humo bila kumgusa mwenzake, aandike kilichomshinda, na asome ya wenzake kabla ya kuanza upya. Tawi likizaa mpangilio bora kuliko uliopo, linaunganishwa na shina, ile nakala kuu, na wote wanaanzia hapo.

Basi ikawa raha. Magomvi yalipungua mbele ya macho yake. Wakala mmoja aligundua kwamba pacha waliokosana wanaweza kukaa wakipeana migongo. Mwingine akalidaka wazo, akawageuza mabinamu wote. Alicheka mpaka mama, aliyekuwa akipiga pasi chumba cha pili, akauliza kama ni mzima.

Ukabaki ugomvi mmoja, matawi yote yakagota hapo. Bibi, mzaa baba, hali mpaka alishwe na shangazi, na hasikii ila sauti ya mama. Ilibidi wote wawili wawe mezani pake. Nao hawajasemezana tangu shangazi alipoazima cherehani ya mama akairudisha mbovu.

Akaenda kumweleza mama, akijikaza asicheke. Mama akaisimamisha pasi.

"Yaani wote hao wanahangaika kunikwepesha na wifi yangu?"

"Wote, mama. Wameshindwa."

"Waonee huruma, basi. Niweke naye. Hata mimi nimechoka kununa."

Akalifuta sharti la kuwatenganisha mawifi hao, tawi la mwisho likaunganishwa, naye akacheza katikati ya mashati yaliyonyooshwa.

Siku ya harusi mawifi walianza kwa kusalimiana kwa ncha za vidole. Keki ilipofika, walikuwa wameinamiana juu ya kichwa cha bibi, wakicheka mpaka machozi. Bibi akamvuta mjukuu wake mkono, akaomba ahamishiwe meza nyingine.